Simu nzima, mtandao upo, programu inakataa

Simu ya Android 4.4 iliyotunzwa vizuri inawaka hadi leo. Kioo hakina ufa, betri imeshabadilishwa, laini inasoma, bando lipo. Mwenye simu anafungua programu ya benki au ya kukata tiketi ya basi, kiduara kinazunguka, kisha yanatokea maneno: hakuna mtandao, angalia intaneti yako. Anazima data, anawasha. Anachomoa laini, anairudisha. Anaongeza bando. Mwisho anaipeleka kwa fundi, naye fundi akishaigeuza huku na huku bila kuona kilichoharibika, anamshauri anunue nyingine.

Mara nyingi maneno yale ya kwenye kioo si ya kweli. Mtandao upo. Simu imefika hadi kwenye seva, imebisha hodi, imejibiwa, na mazungumzo yamevunjika papo hapo kwa sababu pande mbili zimeshindwa kukubaliana namna ya kuficha maneno yao yasisikike njiani. Hitilafu hiyo inajulikana, tarehe zake hutangazwa mapema, na wapo watu ambao kazi yao ilikuwa kuizuia. Gharama yake inamwangukia asiye na habari nayo.

Programu inapotaka kuzungumza na kompyuta iliyo mbali, hufungua kitu kinachoitwa soketi. Utaratibu huo ulienea kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako mwaka 1983 toleo la 4.2 la mfumo endeshi wa BSD lilitoka likiwa na soketi ndani yake, na mpaka sasa simu, kompyuta na seva zinafuata mtindo ule ule. Soketi husafirisha kile ilichopewa kama kilivyo. Ikipewa namba ya siri, itaipitisha wazi, na aliyekaa katikati, iwe kwenye Wi-Fi ya hoteli au kwenye mtambo wowote wa njiani, anaweza kuisoma. Waliounda soketi walikuwa wakiunganisha vyuo na maabara. Kutuma ada ya mtoto au kulipa bili ya umeme kwa njia hiyo hakukuwa mawazoni mwa mtu.

Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa SSL, itifaki ya kusimba mazungumzo, yaani kuyaficha, kabla hayajaingia kwenye soketi. Mwanasayansi wake mkuu alikuwa Taher Elgamal, mzaliwa wa Cairo, ambaye watu wa fani hiyo humwita baba wa SSL. Mwaka huo huo Waaustralia wawili, Eric Young na Tim Hudson, walianza kuandika maktaba ya bure ya kufanya kazi hiyo, na mwishoni mwa 1998 ikarithiwa na mradi wa OpenSSL. Maktaba, kwa waandishi wa programu, ni furushi la msimbo uliokwisha andikwa na kupimwa, ambalo mtu hulichukua na kulitumia. Hesabu za usimbaji ni ngumu, na anayejitungia zake mwenyewe karibu kila mara hukosea mahali.

Kwa hiyo karibu kila programu inayogusa fedha au siri za watu imeegemea maktaba ya mtu mwingine. Swali ambalo benki, vyuo na ofisi za serikali zingepaswa kuwauliza mafundi wao ni rahisi: maktaba hiyo imekaa wapi? Ikiwa imo ndani ya programu, itasasishwa kila programu inaposasishwa. Ikiwa ni ile iliyokuja na mfumo endeshi, itazeeka pamoja na mfumo huo, na siku mtengenezaji wa simu atakapoacha kutuma masasisho, itakwama pale pale ilipo hata kama simu yenyewe itaishi miaka 10 zaidi.

SSL baadaye ilibadilishwa jina ikawa TLS. TLS 1.0 ilitoka 1999, TLS 1.2 ikatoka Agosti 2008, na TLS 1.3 Agosti 2018. Sekta ya kadi za malipo iliweka tarehe 30 Juni 2018 kuwa mwisho wa kutegemea SSL na TLS za mwanzo. IETF, chombo kinachosimamia kanuni za intaneti, nacho kikazifuta rasmi TLS 1.0 na 1.1 Machi 2021. Tarehe hizi hazikumshtukiza mtu aliyekuwa anafuatilia.

Sasa itazamwe Android 4.1 hadi 4.4 kwa karibu, maana hapo ndipo penye uchungu. Maktaba iliyomo ndani ya matoleo hayo inaijua TLS 1.2. Imo, na inafanya kazi. Tatizo ni kwamba soketi inapofunguliwa haiitumii mpaka iambiwe. Google iliiacha imezimwa, ikaja kuiwasha yenyewe kuanzia Android 5.0. Mwandishi wa programu anatakiwa kuishika soketi kabla mapatano hayajaanza, aipe orodha ya matoleo inayoruhusiwa kuyatumia, na aingize TLS 1.2 kwenye orodha hiyo. Ni faili moja fupi la msimbo. Waandishi wengi duniani waliliandika, na simu zile ziliendelea kuhudumiwa bila mwenyewe kujua kwamba kuna jambo lilitokea. Wengine hawakuliandika, na kwa wateja wao seva ilipofunga TLS 1.0, simu ikawa imekufa kwa kazi hiyo, ingawa dawa ilikuwa ndani yake tangu ilipotoka kiwandani.

Windows 7 ilikuwa na hadithi ya aina hiyo hiyo. TLS 1.2 ilikuwemo, lakini sehemu ya Windows ambayo programu nyingi za ofisini huitumia kufungua mawasiliano haikuitumia kwa kawaida yake. Mwaka 2016 Microsoft ilitoa sasisho, na hata baada ya kulipakia ilibidi msimamizi aingie kwenye rejista ya mfumo abadilishe thamani kwa mkono. Windows XP haikuwa na bahati hata hiyo: maktaba yake iliishia TLS 1.0. Lakini kwenye XP ile ile, kivinjari cha Firefox kiliendelea kufungua tovuti mpya hadi 2018, kwa kuwa waundaji wake, Mozilla, hawakutegemea maktaba ya Windows. Firefox hubeba maktaba yake yenyewe, NSS, pamoja na orodha yake ya vyeti. Kompyuta moja, waya mmoja wa mtandao, na vivinjari viwili: kimoja kinakataa, kingine kinafungua. Ushahidi wa kwamba uzee wa mashine peke yake hauelezi kila kitu uko hapo.

Kutoelewana kuhusu toleo la itifaki ni nusu ya matatizo. Nusu ya pili ni vyeti.

Mtu anayekwenda kufungua akaunti ya benki anaweza kutakiwa kupeleka barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Karani wa benki hamjui mteja, lakini anautambua muhuri wa mtaa. Cheti cha tovuti hufanya kazi hiyo: simu haiijui seva, bali inaijua taasisi iliyoigongea muhuri, kwa sababu jina la taasisi hiyo limo kwenye orodha ya vyeti vikuu iliyowekwa ndani ya simu. Orodha hiyo isiposasishwa, inabaki na mihuri ya zamani tu. Na mihuri hufika mwisho.

Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kinachoitwa DST Root CA X3, mali ya kampuni ya IdenTrust, kilimaliza muda wake. Kilikuwa kimewabeba Let's Encrypt, taasisi isiyo ya faida iliyoanza kutoa vyeti vya bure kwa umma mwishoni mwa 2015 na kuwawezesha wenye tovuti wasio na fedha kuwa na usimbaji sawa na wa matajiri. Let's Encrypt walikuwa na cheti kikuu chao wenyewe, ISRG Root X1, lakini Android ilianza kukitambua kwenye toleo la 7.1.1. Novemba 2020 walitangaza wazi kwamba takriban theluthi moja ya vifaa vya Android duniani, asilimia 33.8, vilikuwa chini ya 7.1, na kwamba vingeanza kukataa tovuti zao. Ushauri wao wakati huo ulikuwa watu wapakie Firefox, kwa sababu ile ile iliyookoa XP.

Kisha ukapatikana ufumbuzi wa ajabu kidogo. Mafundi waligundua kwamba Android, kwa makusudi, haiangalii tarehe ya mwisho ya vyeti vikuu vilivyomo kwenye orodha yake. Desemba 2020 IdenTrust wakakubali kugongea ISRG Root X1 sahihi itakayodumu kupita tarehe ya kufa kwa cheti chao wenyewe. Simu za zamani zikapewa miaka 3 zaidi, hadi 30 Septemba 2024. Kufikia katikati ya 2023, vifaa vya Android vinavyokitambua cheti kipya vilikuwa vimefika asilimia 93.9. Hakuna aliyelazimishwa kununua simu kwa haraka. Watu wachache waliojali walikaa, wakafikiri, wakazungumza na kampuni nyingine, na mamilioni ya simu zikaendelea kufanya kazi.

Dawa hiyo hiyo iliumiza kwingine, na habari hii inafaa kusimuliwa kwa sababu inaonyesha jinsi mambo haya yanavyohitaji uangalifu. Seva nyingi duniani wakati huo zilikuwa na OpenSSL 1.0.2, toleo ambalo mradi wenyewe uliacha kulihudumia bure mwisho wa 2019. Maktaba hiyo ilipopokea mnyororo mpya wa vyeti, iliufuata hadi mwisho, ikakuta DST Root CA X3 iliyokwisha muda, ikakata mawasiliano. Cheti kipya kilichokuwa kizima kilikuwepo kwenye orodha ya kompyuta hiyo hiyo, ila maktaba haikuangalia upande huo. Ufumbuzi uliowashangaza wasimamizi wengi ulikuwa kufuta: ukikiondoa cheti cha zamani kwenye orodha, maktaba inalazimika kukitafuta kipya, na mambo yanakwenda.

Kwenye maofisi na shule kuna tatizo dogo zaidi linalofanana na hayo yote. Kompyuta ya mezani ya zamani ikiishiwa betri ndogo iliyo kwenye ubao mama, kila umeme ukikatika saa yake inarudi nyuma miaka mingi. Kivinjari kinalinganisha tarehe hiyo na cheti cha tovuti, kinaona cheti bado hakijaanza kutumika, kinagoma. Betri yenyewe, CR2032, ni ya bei ndogo na inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Ni aibu kompyuta kuwekwa stoo kwa ajili yake.

Mahali pa hatari kuliko pote ni pale mwandishi wa programu anapochoka na malalamiko ya wateja na kuamua kuiambia maktaba ikubali cheti chochote. Makosa yanatoweka, wateja wanafurahi, na usimbaji umebaki jina tu, kwa kuwa mwizi aliyekaa katikati akitoa cheti alichojitengenezea jana, programu itakipokea. Mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Hannover na Marburg, Ujerumani, walichambua programu 13,500 za bure za Android na kukuta 1,074 zenye msimbo wa namna hiyo au unaokaribiana nao. Mwaka 2016 Google ilianza kuzikataa programu za aina hiyo kwenye duka lake. Mtu aliyeandika msimbo huo kwenye programu ya fedha amefanya jambo baya kuliko kumfungia mteja nje, na anapaswa kuulizwa.

Kuna wanaosema basi seva ziendelee kupokea TLS 1.0, kwa huruma kwa wenye simu za zamani. Huruma hiyo ina bei kubwa. Oktoba 2014 ilitangazwa njia ya kushambulia inayoitwa POODLE: mshambuliaji huvuruga mapatano hadi pande mbili zirudi kwenye SSL 3.0 ya mwaka 1996, hata kama zote zinajua mpya zaidi. Machi 2015 ikaja FREAK, iliyofufua usimbaji dhaifu ambao sheria za Marekani za miaka ya 1990 zililazimisha kwa programu zilizouzwa nje ya nchi hiyo. Mabaki ya sheria hiyo yalikaa ndani ya seva kwa zaidi ya miaka 10, yakisubiri mtu ayaokote. Seva inayomwachia mteja mmoja njia dhaifu huwaweka hatarini na wale wenye simu mpya. Benki inayofunga TLS 1.0 inafanya sawa. Kosa ni kufunga bila kuwa imeiandaa programu yake kuwafikisha wateja wake kwenye TLS 1.2.

Upya nao hautoshi peke yake. Tarehe 7 Aprili 2014 lilitangazwa kosa la Heartbleed, lililomruhusu mtu yeyote kuvuta vipande vya hadi kilobaiti 64 kutoka kwenye kumbukumbu ya seva, na ndani yake mara nyingine mlikuwa na nywila na funguo za siri. Lilikuwa kwenye OpenSSL 1.0.1 iliyotoka 2012. Waliobaki na 0.9.8 ya zamani hawakuguswa. Siku iliyofuata, 8 Aprili, Microsoft ikasitisha huduma kwa Windows XP. Katika saa 24 dunia ilikuwa imeona maktaba mpya yenye shimo na mfumo wa zamani ulioachwa. Walioweza kubadilisha maktaba yao haraka walilala usiku huo. Waliofungwa na toleo lililogandishwa ndani ya kifaa walibaki wakisubiri mtengenezaji, na baadhi wangali wanasubiri.

Hapo ndipo msimamo unaopaswa kushikwa Afrika Mashariki unapotokea: maktaba ya usimbaji iwe kitu kinachobadilishika, na anayeuza huduma awajibike kuibadilisha. Zana zipo na ni za bure. Google yenyewe imetoa Conscrypt, maktaba ambayo mwandishi anaweza kuifunga ndani ya programu yake ili isitegemee ile ya simu. Huduma za Google Play nazo zina njia ya kuisasisha maktaba ya usimbaji kwenye simu ambazo mtengenezaji wake alizisahau zamani. Tangu Android 14 ya mwaka 2023, hata orodha ya vyeti vikuu inaweza kusasishwa bila kusubiri mfumo mzima. Programu iliyofungwa na maktaba yake huongezeka uzito kwa megabaiti chache, na kwa mtu anayenunua bando la siku hilo si jambo la kupuuza. Lakini megabaiti chache ni nafuu kuliko simu.

Na programu ikishindwa, iseme ukweli. Ndani ya msimbo, kosa la kukosa mtandao na kosa la kushindwa kupatana usimbaji hufika kwa majina tofauti kabisa. Kuyaunganisha chini ya maneno "angalia intaneti yako" ni uvivu unaomfanya mtu mwenye kipato kidogo anunue bando asilolihitaji. Mambo hayakuanza hivyo: M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilikaa kwenye menyu ya laini, na mtu mwenye kitochi aliihama simu yake alipotaka yeye. Watu waliozipa huduma za fedha za eneo hili sifa duniani kote ndio hao hao wenye simu za bei ndogo, na hawastahili kuachwa njiani na programu zilizojengwa kana kwamba kila mteja hubadilisha simu kila baada ya miaka 2.

Serikali nazo haziwezi kusema hazina nguvu. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012. Tanzania ilifanya hivyo Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikikagua namba za IMEI za simu, na nchi nzima ikajifunza kubonyeza *#06#. Taasisi zenye uwezo wa kuikagua kila simu iliyosajiliwa zina uwezo wa kudai jambo jepesi zaidi: tarehe ya mwisho wa masasisho ya usalama, imeandikwa kwenye boksi. Uingereza imeshafanya jambo linalokaribiana na hilo. Tangu 29 Aprili 2024 mtengenezaji anayeuza kifaa cha kuunganishwa na intaneti lazima atangaze kwa muda gani atakihudumia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya uimara wa kimtandao, ambayo sehemu yake kubwa itaanza kutumika Desemba 2027, inaweka msingi wa miaka 5 kwa bidhaa nyingi. Kampuni hizo hizo zinaleta bidhaa zao kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli. Haina maana mnunuzi wa London ajue asichojua mnunuzi wa Mwanza.

Kudai kunalipa. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wa kawaida waliambiwa walipe dola 30 kwa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama, au watimize masharti mengine. Watetezi wa walaji wa Ulaya walipinga, na kwa nchi za eneo la kiuchumi la Ulaya mwaka huo wa ziada ukatolewa bure. Shule za Afrika Mashariki zenye maabara zilizojaa kompyuta za mitumba za Windows 10 hazikuwa na msemaji kwenye mazungumzo hayo.

Msemaji huyo anaweza kuwa kitu cha kawaida kabisa, mkataba wa zabuni. Halmashauri, hospitali au chuo kinaponunua mfumo wa malipo au wa kumbukumbu, kiandike ndani ya mkataba mambo yanayoweza kupimwa: programu ibebe maktaba yake ya usimbaji, maktaba hiyo ibadilishwe ndani ya siku zilizotajwa kosa kubwa linapotangazwa, mfumo ujaribiwe kwenye simu ya zamani iliyokubaliwa, ikiwa mezani mbele ya mnunuzi, kabla malipo ya mwisho hayajatoka, na mkandarasi atoe orodha ya vyeti anavyovitegemea pamoja na tarehe ya mwisho ya kila kimoja. Orodha hiyo inakaa kwenye ukurasa mmoja, na afisa manunuzi anaweza kuibandika ukutani karibu na kalenda.